Je, wajua kwa nini eSIM hukuonyesha uko nchi ambayo hujaikanyaga?

Msafiri anatua Bangkok asubuhi. Anawasha simu, na eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, aliyoinunua kabla ya safari inashika mtandao palepale uwanjani. Akiwa bado anasubiri mizigo, anafungua kompyuta mpakato ili aingie kwenye mfumo wa ofisi yake, lakini mfumo unamkatalia kwa maelezo kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kutoka London. Yeye hajafika London maishani mwake. Hata hivyo hajadukuliwa, wala simu yake haina hitilafu: data zake zimepitia London kwelikweli.

Ili tuelewe jinsi hilo linavyotokea, tuanze na laini yenyewe. Tangu kadi za SIM zilipoanza kutumika mwaka 1991, kilichokuwa na thamani ndani yake ni vitu viwili: namba ya utambulisho iitwayo IMSI, ambayo haizidi tarakimu 15, na ufunguo wa siri ambao kampuni ya simu huutumia kuhakikisha kwamba anayejitambulisha kwa namba hiyo ndiye mwenyewe. Plastiki ilikuwa chombo cha kubebea tu. Kwenye eSIM, chipu hufungwa ndani ya simu tangu kiwandani, na vitu hivyo viwili huletwa kupitia intaneti vikiwa katika faili moja linaloitwa wasifu.

Ukiusoma msimbo wa QR aliokutumia muuzaji kwa programu ya kawaida ya kusomea misimbo, utakuta mstari mmoja wa maandishi unaoanza na LPA:1$, kisha anwani ya seva, kisha alama nyingine ya dola na msimbo wa kuanzishia laini. Laini yenyewe haimo humo. Ulichopewa ni kama stakabadhi ya kuchukulia mzigo ghalani. Simu huiendea seva hiyo, hujitambulisha kwa namba ya chipu yake yenye tarakimu 32, na kukabidhiwa wasifu uliofungwa kwa namna ambayo chipu hiyo peke yake ndiyo inayoweza kuufungua. Ndiyo maana msimbo mmoja kwa kawaida hutumika mara moja tu, na anayeufuta wasifu akidhani ataurudisha kwa picha ileile ya QR mara nyingi hujikuta akinunua upya. Ndiyo maana pia inafaa kuuweka wasifu kabla ya kuondoka, ukiwa kwenye waifai ya uhakika, baada ya kusoma kama siku za kifurushi huhesabiwa tangu kuwekwa au tangu simu iguse mtandao wa huko uendako.

Sasa turudi uwanjani. Tarakimu tatu za kwanza za IMSI hutaja nchi ya laini: 520 ni Thailand, 234 ni Uingereza, 454 ni Hong Kong, 640 ni Tanzania. Wauzaji wengi wa eSIM za safari hawana mnara hata mmoja. Hununua laini na data kwa jumla kutoka kampuni za simu za nchi fulani, kisha huziuza rejareja kwa wasafiri wa dunia nzima. Kwa hiyo mnara wa Bangkok unaposoma 234 hutambua kwamba huyu ni mgeni, na huuliza kampuni ya kwao kama ahudumiwe. Hii ni romingi ileile inayoogopwa na wengi kwa gharama zake. Tofauti ni kwamba bei imekwisha kupatanwa na kulipwa mapema.

Mgeni akishakubaliwa, data zake kwa kawaida haziingii kwenye intaneti hapo Bangkok. Hubebwa ndani ya njia maalumu hadi kwenye lango la kampuni yenye laini, na lango hilo ndilo linalompa anwani ya IP, yaani namba inayomtambulisha kwenye intaneti, linalohesabu kiasi alichotumia na kumkatia huduma kifurushi kinapokwisha. Kwa tovuti, benki na mifumo ya ofisi, wewe uko pale lilipo lango. Hata tarakimu za IMSI hazitoshi kukuambia lango liko wapi, kwa sababu laini yaweza kuwa ya nchi moja na lango lake likawekwa nchi nyingine. Unaweza basi kusimama katika nchi moja, ukabeba laini ya nchi ya pili na kuonekana uko katika nchi ya tatu.

Kwa anayefanya kazi kwa mbali, suala la kuonekana uko kwingine lina mwenzake mzito zaidi, nalo ni umbali. Tuseme seva ya mkutano wa video iko Singapore, kilomita kama 1,400 kutoka Bangkok. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya moja kwa moja ingechukua milisekunde 7 hivi. Lakini sauti yako ikipitia lango la London, itasafiri kilomita zipatazo 9,500 kwenda huko na nyingine karibu 10,850 kurudi Singapore, yaani zaidi ya milisekunde 100, hata tukichukulia kwamba mikongo imenyooka, nayo haijanyooka. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri, na hapo zaidi ya theluthi mbili ya kiasi hicho imekwisha kuliwa na safari peke yake. Matokeo yake ni watu kukatizana maneno mkutanoni ilhali vistari vya mtandao kwenye simu vimejaa, kwa sababu vile vistari hupima nguvu ya mawimbi kati yako na mnara, si urefu wa njia iliyo mbele.

Kwa hiyo naona swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla hata ya bei, ni lango liko wapi. Wapo wenye malango katika kanda kadhaa, na lililo karibu na unakofanyia kazi huondoa sehemu kubwa ya adha hii. Ukifika, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani ya IP uone imekuweka nchi gani, na uwaarifu mafundi wa usalama wa ofisini mapema, kabla mfumo haujakufungia akaunti.

Laini yako ya kawaida usiizime. Simu nyingi zenye eSIM huweza kuwasha laini mbili kwa pamoja: ya safari ibebe data, na ya nyumbani ibaki hewani kupokea namba za uthibitisho za benki, huku romingi ya data ikiwa imefungwa juu yake. eSIM nyingi za safari ni za data tu, hazina namba ya simu, hivyo hakuna benki itakayoweza kukutumia ujumbe huko.

Kuhusu ukubwa wa kifurushi, hesabu yake ni rahisi. Mkutano wa video unaotuma megabiti 1.2 kwa sekunde na kupokea kiasi hichohicho hula gigabaiti 1.08 kwa saa moja. Mwenye mikutano miwili ya saa mojamoja kila siku ya kazi atamaliza karibu gigabaiti 11 kwa wiki, kabla kompyuta iliyounganishwa kwa hotspoti haijaanza kujisasisha kimyakimya kwa kudhani iko kwenye waifai ya nyumbani. Kwenye mipangilio ya kompyuta, uutambulishe muunganisho huo kuwa ni wa kulipia kwa kipimo (metered).