Seva ya barua pepe ya kwenu wenyewe: anza na anwani, programu baadaye

Kuweka Postfix, programu ya kutuma na kupokea barua, kwenye Debian (aina ya Linux) ni kazi ya jioni moja. Kinachowashinda wengi kiko nje ya seva: anwani ya IP ambayo barua zitaonekana zikitokea. Gmail, Outlook na wapokeaji wengine wakubwa hawaanzi na maandishi yaliyomo kwenye barua. Wanaanza na hiyo anwani: ni ya nani, ina jina gani, majirani zake wana tabia gani. Ukipata anwani safi, makosa ya programu yanarekebishika. Ukiwa na anwani mbovu, hakuna mpangilio wa Postfix utakaokuokoa.

Nitatumia mfano wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo kilichoko mkoani, wafanyakazi thelathini hivi, ofisi yenye faiba moja na modemu ya simu ya akiba. Kikoa nitakiita ushirika.example na anwani nitaiita 203.0.113.25. Zote mbili zimetengwa kwa mifano tu, kwa hiyo weka zako.

Kagua laini yako kabla ya kununua kitu

Ingia kwenye ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa WAN, yaani wa kwenda intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna aliye nje anayeweza kuifikia seva yako moja kwa moja. Laini za simu kwa kawaida ziko hivyo, na Starlink ya nyumbani nayo kwa upande wa IPv4.

Ukiwa na anwani ya umma, jaribu poti 25 ya kutokea, mlango ambao seva hutumiana barua:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`

Ikikaa kimya mpaka muda uishe, imefungwa. Watoa huduma huifunga kwa sababu ya msingi: kompyuta za wateja zilizoingiliwa na virusi humwaga barua taka kupitia poti hiyo hiyo. Omba kwa maandishi ifunguliwe kwa anwani yako peke yake, na katika barua hiyo hiyo omba rekodi ya PTR, ile inayogeuza anwani kuwa jina. Hapa ndipo watu hupoteza siku nyingi, kwa sababu wanaitafuta PTR kwenye akaunti waliyosajilia kikoa. Haiko huko. Anayeiweka ni mwenye anwani ya IP, yaani mtoa huduma wako wa intaneti. Ikishawekwa, pande zote mbili lazima zikubaliane:

`dig -x 203.0.113.25 +short` ijibu `mail.ushirika.example.`
`dig mail.ushirika.example A +short` ijibu `203.0.113.25`

Jina hilo hilo liwe ndilo la `myhostname` ndani ya Postfix. PTR iliyojaa tarakimu na neno "dynamic" inafanana na modemu ya nyumbani, na barua zake huishia kwenye taka au hukataliwa mlangoni. Vilevile angalia kama anwani yako imo kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma taka. Hiyo ni orodha ya anwani za wateja wa kawaida ambazo hazitarajiwi kutuma barua zenyewe, na kuwemo si kosa lako, lakini lazima utolewe kabla ya kuanza.

Kama seva ina IPv6, anwani za mfumo mpya unaofuata IPv4, nayo inahitaji PTR. Gmail ni wakali zaidi upande huo. Ukiona barua za Gmail zinakataliwa na za kwingine zinafika, mara nyingi seva imejitokeza kwa anwani ya IPv6 uliyoisahau. Mpaka PTR yake ipatikane, weka `inet_protocols = ipv4`.

Kwa nini seva ikae karibu

Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikayumba. Siku kama hiyo, ofisi ambayo barua zake zimehifadhiwa Ulaya, mhasibu anaweza kushindwa kumtumia hata meneja aliye chumba cha pili. Seva ikiwa ofisini, barua ya ndani haigusi bahari. Na ikiwa mtoa huduma wako ameunganishwa na kituo cha kubadilishana mitandao, kama TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Nairobi, hata barua ya kwenda taasisi nyingine yenye seva nchini inabaki nchini. KIXP ilianza mwishoni mwa 2000, ikafungwa na mdhibiti baada ya muda mfupi, ikarudi 2002. Kabla yake, barua kati ya watoa huduma wawili wa Nairobi ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Hilo ndilo tatizo lililowakutanisha washindani waliokuwa wakigombea wateja wale wale, na kwangu ni mojawapo ya kazi bora zilizofanywa na mafundi wa mitandao wa ukanda huu.

Hofu ya umeme kukatika ni kubwa kuliko inavyostahili. SMTP, kanuni ya kutumiana barua iliyoandikwa 1982, haidai mpokeaji awe hewani muda wote. Seva yako ikizimika, watumaji huweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix yenyewe kwa kawaida hujaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Kuzimika usiku mmoja hakupotezi barua. Ndiyo maana siungi mkono kuweka MX (rekodi inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa) ya pili ya akiba kwa ofisi ndogo: watuma taka huipenda kwa kuwa mara nyingi ulinzi wake ni hafifu, na nawe unabaki na seva mbili za kutunza.

Kompyuta ndogo isiyo na feni hula wati 15 hivi, na ruta wati 10. Betri ya asidi ya volti 12 yenye Ah 100 ina Wh 1,200. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata Wh 600, yaani saa 24. Kwenye BIOS, weka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kuhusu uwezo, RAM ya GB 2 na SSD zinawatosha watu thelathini kwa Postfix, Dovecot (ya kusomea barua) na Rspamd (ya kuchuja taka). Ukiongeza ClamAV, fikiria GB 4, kwa kuwa hupakia orodha yake yote ya virusi kwenye RAM.

Anwani ya umma ikikosekana

Kodi VPS ndogo (seva ya kukodi kwenye kituo cha data) yenye anwani safi, nchini mwako ikiwezekana, kisha iunganishe na seva ya ofisini kwa WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya mashine mbili). VPS haihifadhi barua yoyote. Inapokea miunganisho na kuisukuma ofisini. Upande wa ofisi weka `AllowedIPs = 0.0.0.0/0` na `PersistentKeepalive = 25`, kwa sababu bila kuipigia VPS kila baada ya sekunde 25, ruta za mtoa huduma husahau muunganisho na barua zinazoingia hugota. Kwenye VPS (10.8.0.1 ndani ya VPN, seva ya ofisi ikiwa 10.8.0.2), ukisharuhusu `net.ipv4.ip_forward`:

`iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp -m multiport --dports 25,465,993 -j DNAT --to-destination 10.8.0.2`
`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.8.0.2 -o eth0 -j MASQUERADE`

Soma mstari wa pili kwa makini. MASQUERADE, inayobadilisha anwani ya anayetuma kuwa ya VPS, ni ya barua zinazotoka tu. Ukiiweka pia upande wa wg0 (kiunganishi cha WireGuard), kila mgeni atakayeingia ataonekana ametoka 10.8.0.1. Ukaguzi wa SPF (rekodi inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) utaharibika, na ukiwa umeandika 10.8.0.0/24 ndani ya `mynetworks` (anwani zinazoaminiwa kutuma bila nenosiri), umeshamfungulia kila mtu duniani atume barua kwa jina lako. Watuma taka hutafuta seva za namna hiyo mchana na usiku. Mimi huacha `mynetworks` na 127.0.0.0/8 na [::1]/128 peke yake, hata mtandao wa ofisi siuweki. Kila mtu aingie kwa nenosiri kupitia poti 465.

Dalili nyingine ya VPN: barua fupi zinapita, zenye kiambatisho zinaganda katikati mpaka muda uishe. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. WireGuard huchukua 1420, na laini ya simu mara nyingi haibebi kiasi hicho. Shusha hadi 1380, ikishindikana 1280.

Kisha kwenye DNS ya ndani ya ofisi, jina mail.ushirika.example lijibu kwa anwani ya LAN ya seva. Hapo faiba ikikatika kabisa, wafanyakazi wataendelea kuandikiana.

Rekodi tatu za kuthibitisha jina

Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na PTR, TLS (usimbaji wa muunganisho) na angalau SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku lazima awe navyo vyote pamoja na DMARC. Weka zote hata kama unatuma ishirini.

SPF ni mstari mmoja: `v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all`. Usiweke mistari miwili ya SPF kwenye kikoa kimoja, zote zitahesabika batili. DKIM hutia saini kwenye kila barua kwa ufunguo wa biti 2048, na hapa kuna mtego: kipande kimoja cha rekodi ya TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo huo ni mrefu zaidi. Ugawe vipande viwili ndani ya alama za kunukuu, kwenye rekodi ile ile. Kurasa nyingine za DNS hukata mwisho bila kusema, nawe unabaki kushangaa saini inakataliwa. DKIM ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa kuwa SPF huvunjika mara mpokeaji anapoelekeza barua zake kwenye sanduku jingine, ilhali saini hubaki mradi barua haijabadilishwa.

DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyothibitika, ianze na `p=none` na anwani ya kupokelea ripoti kwa wiki kadhaa. Ripoti zitakuonyesha mifumo inayotuma kwa jina lenu bila wewe kujua: fomu ya tovuti, mashine ya kuskani, programu ya mishahara. Iingize yote kwenye SPF au DKIM, kisha panda hadi `quarantine` (itengwe), baadaye `reject` (ikataliwe).

Barua zinazoingia, na nenosiri lililoibwa

Orodha za Spamhaus huzuia taka nyingi bila gharama kwa ofisi ndogo, ila zina sharti. Ukiziuliza kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, jibu huwa 127.255.255.254, maana yake "hatukujibu kwa njia hii". Postfix iliyoandikwa kizembe hulichukua jibu lolote kuwa ni ushahidi, na inaanza kukataa barua zote halali. Weka Unbound kwenye seva iwe DNS yake yenyewe, na uandike majibu unayoyakubali: `reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`.

Kinachoua sifa ya anwani nzuri mara nyingi ni nenosiri moja lililoibwa. Mwizi huingia kama mfanyakazi halali na kutuma maelfu ya barua usiku. Wekea poti 465 kikomo ndani ya `master.cf`, mathalani `-o smtpd_client_message_rate_limit=20`, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kwa dakika, na uwe na kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) inayokuamsha `mailq`, yaani foleni, ikizidi barua 100. Ikitokea, simamisha kutuma, badilisha nenosiri, futa foleni ya mtumaji huyo, ndipo uombe kuondolewa kwenye orodha. Ukiomba kabla ya kuziba tundu utarudishwa, na ombi la pili huwa gumu zaidi.

Cheti cha Let's Encrypt hudumu siku 90. Certbot hukihuisha, lakini Dovecot huendelea kushika cha zamani mpaka iambiwe. Weka `--deploy-hook "systemctl reload postfix dovecot"`.

Anwani zako mwenyewe

Chuo, hospitali kubwa au muungano wa vyama ukiwa na watoa huduma wawili, unaweza kuomba namba ya AS (utambulisho wa mtandao unaojitegemea) na anwani zake wenyewe kutoka AFRINIC, msajili wa anwani za IP wa Afrika. IPv4 zimebana: tangu Januari 2020 mwombaji hupata kati ya /24 na /22, yaani anwani 256 hadi 1,024. Kipande kidogo kuliko /24, kama /25, hakipokelewi na mitandao mingi ya dunia. Kwa IPv6 mpaka huo ni /48. Ruta yenye FRR au BIRD (programu za kubadilishana njia na mitandao mingine) inatosha, na huhitaji jedwali lote la dunia: chukua njia ya jumla kutoka kwa watoa huduma wote wawili, na njia za nchini kutoka kwenye kituo cha kubadilishana.

Tengeneza ROA, cheti kinachosema ni AS ipi iruhusiwe kutangaza anwani zako, kabla ya kuzitangaza. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilipotangaza 208.65.153.0/24 ambayo si yake, YouTube ilipotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. ROA huwawezesha wengine kukataa tangazo la namna hiyo juu ya anwani zako. Andika urefu wa juu sawa kabisa na unaotangaza. Ukitangaza /22 na ROA ikaruhusu mpaka /24, umeacha mwanya.

Kuhamisha seva kwenda kwenye anwani mpya kufanyike polepole. Siku moja kabla, shusha TTL (sekunde ambazo jibu la DNS huhifadhiwa) ya MX na A hadi 300. Anwani zote mbili, ya zamani na mpya, zikae kwenye SPF kwa wiki nzima, kwa sababu foleni ya zamani bado inatoka. Anwani mpya haina historia kwa wapokeaji, na kishindo cha ghafla huwatia shaka, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ziwe za barua za kila siku tu. Taarifa ya mwezi inayokwenda kwa wanachama elfu tatu isubiri, kisha itoke kwa mafungu ya mia mbili kwa saa huku mtu akisoma logi, na mara ya kwanza kuona jibu linaloanza na 421 (jaribu baadaye) kutoka kwa mpokeaji mmoja, mpunguzie huyo kasi nusu.