Mzabuni Mmoja: Zabuni Zinavyotupimia Serikali za Mikoa

Njia iliyozoeleka ya kupima serikali ya mkoa ni kuwauliza wananchi. Chuo Kikuu cha Gothenburg, nchini Sweden, kimefanya hivyo tangu 2010 katika mikoa ya Ulaya: huduma zikoje, rushwa ipo, upendeleo je? Maoni yana uzito wake, ila mtu anaweza kujibu kwa aliyoyasikia tu. Majalada ya zabuni hayajui uvumi.

Katika Umoja wa Ulaya, taasisi za umma zaidi ya 250,000 hutumia kila mwaka takriban asilimia 14 ya pato la taifa kwa manunuzi. Zabuni kubwa ni lazima zitangazwe kwenye jarida moja la mtandaoni. Humo utaona nani kanunua, nani kashinda, kwa bei gani na, jambo ninaloanza nalo mimi, zabuni ngapi zilipokelewa.

Ikipokelewa moja, ushindani haukuwepo. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo waliripoti mwaka 2023 kwamba zabuni za namna hiyo zilikuwa asilimia 23.5 mwaka 2011, na kufikia 2021 zikawa asilimia 41.8.

Chukua mfano wa tangazo la mashine za fotokopi. Limetoka Ijumaa jioni, likizo ikianza. Sifa za kiufundi zinataja uzito wa mashine hadi gramu ya mwisho, na sokoni ni modeli moja tu yenye uzito huo. Mfanyabiashara mwingine akisoma ukurasa wa tatu anafunga jalada, anaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo tunaangalia pia muda: kanuni za 2014 zinataka siku 35 kwa zabuni ya wazi, zinazoweza kushuka hadi 15 kukiwa na dharura. Mkoa usioishiwa dharura huwa nautazama mara mbili.

Hata hivyo mzabuni mmoja si ushahidi wa rushwa. Kuna mitambo ya hospitali yenye mtengenezaji mmoja, na visiwa ambako wakandarasi ni wa kuhesabika. Barabara ilinganishwe na barabara, dawa na dawa.

Mtego mwingine ni anwani ya mnunuzi, tunayoitumia kujua zabuni ni ya mkoa gani. Mikataba ya wizara za kitaifa husajiliwa makao makuu, hata kama daraja linajengwa mpakani. Usipoitenga kwanza, mkoa wenye mji mkuu utabebeshwa dhambi za wizara, au utavishwa sifa zake.