Ana miaka 15, si mitatu

Juzi tena. Shangazi mmoja kamleta binti kwenye kitengo chetu cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, binti mwenyewe kasimama pale pale anasikia, naye ananiambia: "Mwalimu, huyu mwili tu ndio mkubwa. Akili ni ya mtoto wa miaka mitatu." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na safari hii nimeona niandike.

Huo "umri wa akili" una asili yake. Mwaka 1905 jijini Paris, Alfred Binet na mwenzake Simon walitunga kipimo cha kuwatambua wanafunzi wanaohitaji msaada zaidi. Mwaka 1908 wakayapanga maswali kwa umri. Basi hiyo "miaka mitatu" ni hesabu ya maswali aliyoyaweza mtu, si ya miaka aliyoishi. Nina mwanafunzi asiyeweza kuhesabu hadi tano, lakini mwenzake akikosekana mezani hali chakula mpaka tumwoneshe aliko. Alimzika bibi yake, na mpaka leo njia ya makaburini haipiti. Mtoto gani wa miaka mitatu ana hayo?

Na mtoto wa miaka mitatu havunji ungo. Hapa ndipo ninapokasirika. Kwa kuwa "ni mtoto", binti anaogeshwa uani watu wakipita, anapakatwa na kila mgeni, na hakuna aliyemfundisha kufunga mlango wa choo wala kuusukuma mkono asioutaka. Siku damu ikija nyumba nzima inahamaki, anafungiwa ndani.

Pedi tunaifundisha kuanzia mwisho. Mwalimu anafanya yote, binti anamalizia kwa kupandisha nguo. Akiiweza hiyo, tunarudi nyuma hatua moja: aibandike mwenyewe. Kisha abandue karatasi. Ni kazi ya miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Zamani nilitumia pedi yenye rangi nyekundu kwa mazoezi. Mmoja aliiweza vizuri kabisa darasani, damu yenyewe ilipokuja akapiga kelele akakimbia. Tangu hapo nafundisha siku zenyewe zikifika, ingawa ni chache mno kwa mwezi, na sina hakika kama nimechagua sawa.

Kuna jingine linanisumbua. Kijana wangu wa miaka 17 anapenda kichezeo cha kitoto cha kutikisa. Ikiwa nasema aheshimiwe kama kijana, je, nimnyang'anye? Nilimnyang'anya. Akakaa asubuhi nzima ameukabili ukuta. Nikamrudishia, na swali bado ninalo. Kumheshimu mtu kwa umri wake ni jambo moja. Kumpangia furaha yake ni jingine, na mpaka kati ya hayo mawili siuoni vizuri kila siku.

Shangazi nimempa kazi mbili kabla ya Jumatatu: pazia bafuni, na kila mtu abishe hodi kabla ya kuingia anapooga binti.