Msiilaze Damu Nzima kwenye Friji

Imekuja tena. Sampuli ya damu nzima imelala friji usiku kucha, asubuhi imezungushwa kwenye mashine ili chembe zishuke chini, potasiamu imesoma juu ya 7. Wodini watu wanakimbizana na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuukinga moyo na potasiamu nyingi, na mgonjwa mwenyewe ameketi kitandani anakunywa uji. Nikauliza kwa nini hawakutenganisha plazima, yaani maji ya damu, na chembe jana. Jibu ni lile lile ninalopewa kila mara: "Si tuliiweka kwenye baridi? Halafu chembe nyekundu haina kiini wala mitokondria, vile viwanda vya nishati. Imeshakufa ile, itafanya nini?"

Itakuharibia majibu, ndicho itakachofanya.

Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu kama milimoli 100 kwa lita. Kwenye plazima ipo 3.5 hadi 5. Tofauti kubwa namna hiyo hailindwi na maiti. Potasiamu inavuja muda wote, na pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando, yaani ukuta wa chembe, inairudisha: potasiamu 2 ndani, sodiamu 3 nje, ATP 1, sarafu ya nishati ya chembe, imekwenda. ATP hiyo inatoka kwenye glikolisisi peke yake, yaani kuvunja glukosi bila oksijeni, 2 kwa kila glukosi inayoingia kwa mlango wa GLUT1. Mitokondria haipo, sawa. Ndiyo sababu vimeng'enya vya glikolisisi humo ndani havina likizo.

Sasa hilo suala la baridi, maana ndilo linalonichosha. Watu wanadhani friji husimamisha kila kitu kwa pamoja. Hapana. Kwenye nyuzi 4 pampu inakaribia kulala kabisa na vimeng'enya vinavyoilisha vinajikongoja, lakini uvujaji haupungui kwa kiasi hicho. Inayotoka ni nyingi kuliko inayorudishwa, saa baada ya saa. Na hakuna dalili ya kukushtua: chembe hazikupasuka, plazima ni ya manjano safi, hakuna wekundu wa hemolisisi. Zaidi ya hapo, glukosi ya sampuli hiyohiyo itakuwa imetunzika vizuri kwa sababu baridi imepunguza kasi ya glikolisisi. Chupa moja inakupa jibu moja la kuaminika na jingine la uongo, halafu unaniambia mashine imeharibika!

Joto nalo lina vituko vyake. Chupa iliyosafirishwa kwa bodaboda kutoka zahanati mwezi wa pili, Dar es Salaam, ina vimeng'enya vyenye bidii na pampu iliyochangamka. Glukosi inashuka kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na potasiamu nayo inaweza kushuka kwa saa za mwanzo kwa kuwa pampu inaivuta ndani. Glukosi ikiisha, ATP inaisha, pampu inasimama, na potasiamu inaanza kupanda. Ukinibana niseme inageuka saa ngapi hasa, siwezi: joto, wingi wa chembe na glukosi iliyokuwepo vyote vina usemi. Zungusha mapema, tenganisha, kisha weka plazima friji. Chupa ya kifuniko cha kijivu isikudanganye pia. Floridi iliyomo inaziba enolesi, kimeng'enya cha karibu na mwisho wa glikolisisi, lakini vimeng'enya vinavyoitangulia vinaendelea kula glukosi kwa muda wa saa moja hivi au zaidi.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulipita haraka: vimeng'enya hivi vya glikolisisi havielei ovyo ndani ya chembe. Vitatu kati yao, aldolesi, fosfofruktokainesi na GAPDH, hushika mkia wa ndani wa bendi 3, protini ya utando inayobadilishana kloridi na bikaboneti, na kila chembe inazo kama milioni moja. Hemoglobini iliyoachia oksijeni hushika mkia huohuo na kuvisukuma pembeni, navyo vikiachiwa huongeza kasi. Majaribio ya miaka ya 1970 kwenye tando zilizotolewa yaliyomo na kufungwa upya yalionyesha ATP iliyonaswa kwenye utando ikilisha pampu moja kwa moja, kama maandazi yanayoliwa kabla hayajatoka jikoni.

Napenda sana hoja hiyo, kwa hiyo naitilia shaka. Sehemu kubwa ya vipimo vya mwanzo vya kushikana ilifanywa kwenye maji yenye chumvi kidogo mno kuliko ndani ya chembe, na chumvi ikifika kiwango cha mwilini mshiko unalegea. Picha za chembe nzima za binadamu, zilizochapishwa 2005, zilionyesha vimeng'enya vimejipanga kwenye utando na kutawanyika oksijeni inapoondolewa. Picha hizo zimenivuta upande wa wanaoamini. Ila ni sehemu gani ya ATP ya pampu inayopikwa pale ukutani, na ni ipi inayotoka katikati ya chembe, sifundishi kana kwamba limeshaamuliwa.

Anhidresi ya kaboniki, kimeng'enya kinachogeuza kaboni dioksidi kuwa bikaboneti, ndiyo yenye ugomvi zaidi. Maabara moja inasema imeshikana na bendi 3, nyingine inapima na kukuta hazigusani. Kwenye ubao wangu nachora zote mbili, mshale wa kuziunganisha siuchori.