Mtaalamu anahitaji uzoefu kiasi gani ili kuingiza mrija wa pumzi moyo unaposimama?

Kwa nini kazi hii ni ngumu zaidi wakati wa ufufuaji kuliko katika chumba cha upasuaji?

Katika chumba cha upasuaji mgonjwa hajala kwa saa kadhaa, amelazwa kwa kimo kinachomfaa mtaalamu, na dawa zimelegeza misuli yake. Mtu ambaye moyo wake umesimama huenda yuko sakafuni, kinywa kimejaa matapishi au damu, na kifua chake kinakandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, hivyo zoloto, yaani mlango wa njia ya hewa kooni, huyumba mbele ya jicho la anayelitafuta. Mtaalamu mchanga huomba mikandamizo isitishwe ili aone vizuri, na hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu damu inayofika kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe hutegemea mikono ile, na ikisimama, msukumo wake huchukua mikandamizo kadhaa kurejea.

Basi ni mara ngapi awe amekwisha kuifanya?

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa mwanafunzi huhitaji angalau mara 50 ili afaulu kwa asilimia 90 bila kuzidisha majaribio mawili, tena kwa wagonjwa waliotayarishwa kwa utulivu. Waliopima ujuzi huu wakati wa ufufuaji walikuta idadi kubwa zaidi, hasa walipohesabu kuwa amefaulu yule tu aliyemaliza haraka, bila madhara na bila kusimamisha mikandamizo kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu kipimo hicho cha pili ndicho cha haki, kwani mrija uliofika mahali pake baada ya nusu dakika ya kifua kutokandamizwa umemgharimu mgonjwa zaidi ya ulivyomsaidia.

Mwongozo wa Baraza la Ufufuaji la Ulaya wa mwaka 2021 hautaji idadi. Unataka kazi hii ifanywe na wenye kiwango cha juu cha kufaulu, yaani zaidi ya asilimia 95 katika majaribio yasiyozidi mawili, na mikandamizo isisitishwe kwa zaidi ya sekunde 5.

Asiyefikia kiwango hicho afanye nini?

Ampe mgonjwa hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, na barakoa, pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30, au atumie kifaa kinachokaa juu ya zoloto, ambacho hujifunzwa kwa muda mfupi zaidi. Hili si jambo la kuonea aibu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 9,000 waliohudumiwa nje ya hospitali, haukuona kwamba waliowekewa mrija walipona wakiwa na ubongo wenye afya zaidi kuliko waliowekewa kifaa hicho.

Je, mazoezi kwa sanamu ya mtu yanatosha?

Hayatoshi. Yanafundisha mpangilio wa hatua na namna ya kushika laringoskopu, yaani chombo cha kuonea zoloto, lakini sanamu haitapiki. Aidha, ujuzi huu hufifia usipotumiwa, kwa hiyo aliyeingiza mirija mingi miaka kadhaa iliyopita asijihesabu kuwa bado ni mzoefu.

Mzoefu naye anahitaji kuhakikisha kwamba mrija umefika mahali pake?

Ndiyo, kila mara. Mrija ulioingia kwenye umio, yaani njia ya chakula, hupeleka hewa tumboni, na sauti zinazosikika kifuani zinaweza kumdanganya hata bingwa, hivyo kifaa cha kupima hewa ya ukaa inayotoka kwenye mrija kiunganishwe papo hapo, na kisipoonyesha mawimbi ya pumzi, mrija utolewe na mgonjwa arudishiwe ambu.