Kimbunga Kimepita, Mtoto Anaharisha: Maswali Tunayoulizwa Kituo cha Afya

Maswali haya huulizwa na wananchi wa mwambao wa kusini, Mafia na Kilwa hadi Lindi na Mtwara, kila mvua kubwa na upepo vinapopita. Anayejibu ni afisa tabibu wa kituo cha afya huku huku pwani. Siku ya kwanza upepo hutuletea waliokatwa na mabati na walioangukiwa na miti. Siku chache baadaye foleni hubadilika: ni kuharisha, kuharisha, kuharisha. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanahusu kuharisha.

Hivi Tanzania kuna msimu wa vimbunga kweli, au ni maneno ya redioni tu?

Upo. Upande wetu wa Bahari ya Hindi msimu hukolea kati ya Novemba na Aprili. Vimbunga vingi huishia Madagaska na Msumbiji, na hilo ndilo linalotupa usingizi. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Unguja ilipigwa Aprili 1872 mikarafuu ikalala chini. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Aprili 2021 Jobo kilidhoofika kabla ya kufika, na watu wakaicheka Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa wiki nzima. Mei 2024, msimu ukihesabiwa kuwa umekwisha, kikaja Hidaya: Mafia ikapigwa, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Barabara ikikatika, gari la dawa halipiti na gari la rufaa halipiti. Kwa hiyo tangazo likitolewa, lichukulieni kuwa ni lenu.

Kwa nini watu wanaharisha baada ya kimbunga?

Vyoo vya shimo hujaa na kufurika, uchafu wake ukaingia visimani, mtoni na kwenye madimbwi. Mabomba hupasuka. Watu wanajazana shuleni au msikitini, matundu ya choo mawili, sabuni hakuna. Yaliyobaki mnayajua.

Kipindupindu kina tofauti gani na kuharisha kwa kawaida?

Ni ugonjwa wa bakteria wanaoingia kwa maji au chakula chenye kinyesi. Dalili huanza kati ya saa chache na siku tano baada ya kuwameza. Mgonjwa anaharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo, na wengi hutapika. Mtu mzima aliyelima asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni.

Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019, wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu walithibitishwa kabla ya mwezi kwisha. Wagonjwa walipita 6,000. Waliokufa hawakufika kumi. Kwa nini wachache hivyo? Kwa sababu vituo vya matibabu vilifunguliwa haraka, chanjo ikatolewa, na watu wakaenda. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua hadi nusu ya wagonjwa. Kikitibiwa mapema, anayekufa ni chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo tofauti iko kwenye saa mliyotoka nyumbani.

Mtoto anaharisha. Tusimpe maji kwanza ili tumbo likauke?

Hapana.

Narudia kwa sababu najua kesho nitaulizwa tena: hapana. Tumbo halikauki kwa kunyimwa maji. Anayekauka ni mtoto. Kinachoua katika kuharisha ni maji na chumvi kuuhama mwili, halafu mzazi anafunga hata mlango wa kuyarudisha. Tunapokea watoto ambao wamenyimwa maji tangu jana, macho yamezama, ulimi mkavu, utosi umebonyea, na mama anatuambia kwa nia njema kabisa, "Daktari, sijampa chochote, nilitaka kwanza aache."

Mpeni maji. Mpeni maziwa ya mama, mara nyingi kuliko kawaida. Mpeni uji. Mpeni ORS, yale maji ya chumvichumvi, kila anapoharisha: mtoto chini ya miaka miwili robo hadi nusu kikombe cha chai, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, mtu mzima kadiri anavyotaka. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha endeleeni kwa kijiko, polepole. Atakayeharisha zaidi baada ya kunywa hajadhurika kwa kunywa. Maji mengi yanabaki mwilini hata kama hamyaoni.

Bibi yake anasema ni meno yanaota.

Shikamoo yake bibi, lakini hapana. Meno huota kwa watoto wote, mwaka mzima, kimbunga kiwepo kisiwepo. Ajabu ni kwamba wiki ya mafuriko watoto wa kijiji kizima "wanaota meno" pamoja, na kaka zao wa miaka kumi nao wanaota. Mtoto wa umri wa kuota meno anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, na wiki hiyo kila kitu kimeguswa na maji machafu. Sababu ni hiyo. Na tafadhali, asipelekwe kwa mtu wa kung'oa "meno ya nailoni", yale yanayodhaniwa kumharisha mtoto. Tunawapokea baadaye na fizi zimechanwa na damu imechafuka.

Ni usiku, mvua inanyesha, njia ni tope. Tusubiri asubuhi?

Swali hili ndilo linalonikera kuliko yote, na nitalijibu kwa adabu.

Msisubiri asubuhi. Anayeharisha maji matupu mfululizo, mtu mzima au mtoto, hana asubuhi ya kusubiri. Wengi wanaofia mlangoni kwetu walianza kuumwa jana yake mchana. Mchana walisema ni chakula kimemkataa. Jioni walisema apumzike. Usiku walisema mvua. Alfajiri wanatuletea mtu mikono ya baridi, mapigo ya mshipa hayasikiki, na sindano ya dripu tunaitafutia mshipa usioonekana.

Ondokeni papo hapo mkiona hata moja kati ya haya: anaharisha maji matupu mara nyingi kwa saa chache, anatapika kila anachokunywa, amelegea au ni mgumu kumwamsha, macho yamezama, mtoto analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu. Damu kwenye choo pia ni safari.

Mto umejaa na hauvukiki? Msijitose usiku na mgonjwa mgongoni, tutawazika wawili. Mpigieni mtendaji au mhudumu wa afya wa jamii, pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na wakati huo huo mnaendelea kumnywesha ORS bila kukoma. Kumnywesha usiku kucha ni matibabu. Kumlaza hadi kukuche si matibabu. Njia ikipitika kwa miguu, pikipiki au mtumbwi wa salama, njooni, na chupa ya ORS iwe mkononi njiani.

Pakiti za ORS zimekwisha dukani. Nifanyeje?

Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo onjeni: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yamwageni baada ya saa 24, mtengeneze mengine. Pakiti ya dukani mara nyingi nayo ni ya lita moja; kuna wanaoigawa kwenye vikombe vitatu kwa kukadiria, na hiyo si dawa tena.

Madafu? Huku kwetu kimbunga kikipita madafu yamejaa chini, na ni bora kuliko kukaa bure. Mpeni mgonjwa huku mkitafuta ORS, yasiwe mbadala wake. Soda hapana, sukari yake huvuta maji zaidi tumboni.

Mtoto apewe na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Vinatolewa zahanati.

Nimempa flajili na tetra kutoka duka la dawa. Si inatosha?

Haitoshi. Kuharisha kwingi hakuhitaji antibayotiki kabisa, na pale zinapohitajika zinafanya kazi pamoja na maji, si badala ya maji. Dawa ya kufunga choo kwa mtoto ndiyo mbaya zaidi. Shilingi hizo hizo zingenunua pakiti kadhaa za ORS.

Mbona hamkumtundikia dripu? Mmempa maji tu.

Hayo "maji tu" ndiyo dawa. Anayeweza kunywa, anywe. Dripu ni kwa aliyekauka sana au asiyeweza kumeza, na kila chupa tunayomtundikia asiyeihitaji ni chupa itakayokosekana saa nane usiku, barabara ikiwa imekatika.

Kisima chetu maji yake ni meupe na matamu. Kuna haja ya kuyachemsha?

Ipo. Vijidudu havionekani na havina ladha. Baada ya mafuriko kila kisima kihesabiwe kuwa kimechafuka hadi afisa afya akitibu.

Maji ya tope yaacheni yatuame, chujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha chemsheni hadi yatokote sawasawa. Kuni zimelowa? Tumieni vidonge vya klorini, WaterGuard na vinavyofanana navyo. Someni pakiti, maana kipo cha ndoo ya lita 20 na vipo vya ukubwa mwingine, na ngojeni dakika 30 kabla ya kunywa. Hifadhini kwenye chombo chenye mfuniko, mchote kwa kata yenye mpini. Nimeona maji yaliyochemshwa kwa shida yote hiyo yakichotwa kwa kikombe na mkono mzima umezama ndani.

Tangazo limetoka, kimbunga siku mbili zijazo. Kwa afya tuandae nini?

Jazeni maji safi kwenye kila ndoo na dumu lenye mfuniko kabla visima havijaingiliwa. Nunueni ORS, vidonge vya klorini na sabuni siku hiyo hiyo, kwa sababu duka halitafunguliwa keshokutwa.

Mnaotumia dawa za kila siku, za presha, kisukari, kifua kikuu, ARV, kifafa: njooni mchukue za ziada mapema. Fungeni dawa na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mwingine. Tukiwauliza kesho yake mlikuwa mnatumia nini, "vidonge vyeupe" halitusaidii.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua asisubiri uchungu. Asogee chigonella, ile nyumba ya wajawazito kusubiria karibu na hospitali, au kwa ndugu anayekaa karibu. Mvuvi aliyeambiwa asitoke, asitoke.

Nimejichoma na msumari wa bati nikitengeneza paa.

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, njoo siku hiyo hiyo kwa chanjo ya pepopunda. Usitie mafuta ya taa, majivu wala maji ya betri.

Ndani kuna baridi na unyevu. Tukiacha jiko la mkaa liwake tukalala?

Hapana. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtalala na hamtaamka. Jiko libaki nje.

Na malaria?

Mbu huongezeka wiki kadhaa baadaye, maji yakishatuama. Homa ipimwe, isikisiwe. Vyandarua ni vya kulalia. Kile kilichozungushiwa bustani ya mchicha kirudisheni kitandani.

Ndugu yetu amefia nyumbani kwa kuharisha. Tumwoshe na kumzika kama kawaida?

Pole sana. Kabla ya kumgusa, mjulisheni mtendaji aje afisa afya. Heshima ya maiti haiondolewi: anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa, au anaombewa kwa dini yake, lakini waoshaji wawe wachache, wavae glavu, na maji yatiwe klorini, yamwagwe shimoni mbali na kisima. Tatizo kubwa huwa kwenye chakula cha msibani, pale aliyemwosha marehemu anapoenda moja kwa moja kupakua ubwabwa. Asipike, asipakue. Kila anayeingia msibani anawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, si beseni moja la watu hamsini.

Na kama katika nyumba hiyo kuna mwingine aliyeanza kuharisha, msimwache amalize matanga. Mleteni leo.