SMS haijafa, na kufuli halifichi kila kitu

Mtu atakuambia SMS ni mambo ya kale, yeye siku hizi ni WhatsApp tu. Muda si mrefu anabadilisha simu, na WhatsApp hiyohiyo inamtaka aingize namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita. Anaisubiri wapi? Kwenye SMS. Kauli kama hiyo ziko nyingi; hizi hapa chache, kila moja na ukweli wake.

"SMS imeshazikwa na intaneti."

Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi Neil Papworth aliiandika kwenye kompyuta, kwa sababu simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandika meseji, na ilikuwa salamu ya Krismasi tu. Tangu hapo haijawahi kuhitaji bando. Hupita kwenye njia ileile ambayo mtandao huitumia kuiarifu simu kwamba kuna mtu anapiga, ndiyo maana inafika hata kwenye simu ya kitochi. Watu wameacha kupigia soga huko, hilo ni kweli. Lakini benki, hospitali na mashirika ya ndege bado wanaitumia, kwa kuwa haimuulizi mpokeaji amepakua programu gani.

"Meseji moja ni herufi 160, basi."

Hapa ndipo salio linapopotelea bila mtu kujua. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Ukiandika kwa herufi za kawaida tu, unaenea na 160 zako. Ukitia emoji hata moja, meseji nzima hubadilishiwa namna ya kuandikwa: kila herufi huchukua nafasi kubwa zaidi, na kikomo hushuka hadi 70. Tena meseji ikizidi kikomo na kukatwa vipande, kila kipande hupunguzwa kidogo kupisha maelekezo ya kuviunganisha, kwa hiyo hizo 70 zinabaki 67.

Chukua meseji ya herufi 150. Inatosha kwenye SMS moja. Iongeze kikatuni kimoja cha kucheka mwishoni, ambacho chenyewe huhesabiwa nafasi mbili, na sasa ni SMS tatu. Kicheko kimoja, SMS mbili za ziada! Sisi Waswahili tuna mtego wetu pia: ile alama ya juu kwenye "ng'ombe". Iliyonyooka haina neno. Iliyopinda, ile inayokuja ukinakili maandishi kutoka kwenye waraka wa kompyuta, inaweza kufanya yaleyale ya emoji.

"Kukiwa na kufuli, hakuna anayeona chochote."

Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp hufungwa kwa msimbo kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Njiani hayasomeki. Lakini kufuli hilo hufunga maneno tu. Halifichi kwamba fulani alimwandikia fulani saa nane za usiku. Halafu kuna nakala ya akiba inayohifadhiwa mtandaoni, ambayo wengi hawaikumbuki kabisa. Uwezo wa kuifunga nayo kwa msimbo ulikuja 2021, na sharti uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Telegram, programu nyingine ya meseji, ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Imejijengea jina la usiri, ilhali mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva zake. Yanayofungwa kati ya simu na simu ni yale ya siri tu, ambayo huanzishwa makusudi, na ni ya watu wawili. Magrupu hayamo. Signal, nayo programu ya meseji, hufunga kila kitu bila kuombwa. Hata hivyo hakuna programu inayomzuia uliyemwandikia kumwonyesha simu jirani yake kwenye kiti.

"Tiki moja, basi kaniblok."

Labda simu imezima, labda bando limekwisha. Kwenye WhatsApp, tiki moja ni kwamba ujumbe umetoka kwako, mbili ni kwamba umefika kwenye simu yake. Na tiki zikikosa kugeuka bluu haimaanishi hajasoma, kwa sababu rangi hiyo mtu anaweza kuizima. Ndoa zisivunjwe kwa tiki.

"Picha zake zina ukungu, simu yake mbovu."

Kwa miaka mingi picha kati ya iPhone na Android, kwa waliotumia programu ya meseji iliyokuja na simu, zilipitia MMS, ndugu ya SMS inayobeba picha, ambayo huzikamua hadi zipoteze sura. Kamera haikuwa na kosa. Septemba 2024 Apple iliingiza RCS, mfumo unaopitisha picha kubwa kwa intaneti, kwenye iOS 18, programu endeshi ya iPhone, na hali ikawa nafuu pale ambapo kampuni ya simu inauruhusu. Kiputo cha kijani, rangi ambayo iPhone huipa meseji unazomtumia mwenye Android, kimebaki vilevile.

"Akaunti yake imedukuliwa."

Mara nyingi mlango umefunguliwa na mwenyewe. Anapata ujumbe kutoka kwa rafiki: "Nimekosea, nimetuma namba sita kwako, nirudishie." Rafiki huyo tayari ameshanyang'anywa akaunti yake, na namba zile sita ni za kuingilia ya kwako. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, chini ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili: unaweka PIN yako ambayo haiji kwa SMS, hivyo aliyezipata namba sita bado anakwama. Kuiweka ni kazi ya dakika moja.